Majibu ya Damu ni Amana



Posa ilipokewa, mahari yakakubaliwa, kisha binti akatakiwa akapime selimundu. Majibu yalipotoka, karatasi ilipita mkononi mwa mshenga, ikafika kwa shangazi, na kabla ya Ijumaa mtaa mzima ukawa unasema: "Damu ya ukoo ule ina kasoro." Posa ikavunjika, na wadogo zake nao wakaanza kutazamwa kwa jicho la shaka. Habari za namna hii zimetufikia, na zimetuhuzunisha.

Tulielewe kwanza jambo lenyewe. Aliyerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu si mgonjwa. Kwa kawaida huishi kama wenzake. Hatari ipo pale mume na mke wote wawili wanapokuwa nacho, kwani katika kila mimba uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni asilimia 25. Basi majibu ya binti yule peke yake hayakuwa na hukumu yoyote. Kijana je, alipimwa? Hakuna aliyeuliza.

Kupima kabla ya nikahi ni jambo la heri. Nchini Saudi Arabia limekuwa sharti tangu mwaka 2004, lakini majibu hayawazuii wachumba kuoana. Hupewa nasaha, kisha uamuzi ni wao.

Hata hivyo, kupima ni jambo moja na kutangaza ni jingine. Katika Surat al-Hujuraat, aya ya 12, Allah ametukataza kupelelezana na kusengenyana. Na siri ya damu haimhusu aliyepimwa pekee: inafichua habari za baba, mama na ndugu zake, ambao hawakuombwa ridhaa. Anayeieneza anaudhulumu ukoo mzima.

Wala tusifahamike kuwa tunahimiza udanganyifu. Kumficha mchumba si kusitiri, bali ni kumghushi, naye ana haki ya kujua kabla hajafunga ndoa.

Tunawausia wazazi: wachumba wapimwe wote wawili, mapema, kabla kadi hazijachapwa. Wapokee majibu wao wenyewe mbele ya mtaalamu. Wakiona vema kutoendelea, inatosha kusema kwamba haikuwa riziki. Mshenga hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo, na mtaa hauhitaji kuambiwa lolote.

Wabillahi tawfiq.