Usijidai eti damu yako haishikwi na malaria

Msomaji, wapo watu wanaojigamba kwamba malaria haiwapati kwa sababu damu yao ni "ngumu". Shule zikifungwa hufunga mizigo kwenda Mombasa, Kisumu au Busia bila chandarua, na wiki mbili baadaye wanaletwa kliniki hapa mjini wakitetemeka. Maneno yao yana ukweli kidogo, lakini si ule wanaoudhania.

Kiini cha malaria hakiwezi kuongezeka katika damu mpaka kiingie ndani ya chembe nyekundu. Chembe hiyo imefunikwa kwa utando laini sana. Kiini kinapoigusa, utando hubonyea na kukizunguka, nacho kikajisukuma ndani, na shughuli yote haichukui hata dakika moja. Humo huzaana kwa siku mbili hivi, kisha chembe hupasuka na viini vipya hutoka kutafuta chembe nyingine. Hapo ndipo homa hupanda.

Sasa fikiria ngozi ya ngoma. Ikiwa imelegea, ukiigusa kwa kidole hubonyea. Ikiwa imewambwa sawasawa, kidole hudunda tu. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust huko Kilifi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waligundua jambo kama hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020. Walipima damu ya watoto 42 wa Kilifi, baadhi yao wakiwa na aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo hurithiwa kutoka kwa wazazi. Chembe za Dantu zina utando uliokazika zaidi, na mkazo ukipita kiwango fulani, kiini hugonga mlango na kushindwa kuingia. Hata kwa wasio na Dantu, chembe hazilingani kwa mkazo, na zile zilizokazika sana huepuka. Aliyerithi Dantu kwa baba na kwa mama pia hupata kinga ya hadi asilimia 74 dhidi ya malaria kali.

Watafiti wanatumaini kwamba siku moja itapatikana dawa ya kukaza utando huo kidogo tu. Mimi naona ni wazo zuri, ila kazi ipo: chembe nyekundu hulazimika kujikunja ili zipite katika mishipa myembamba kuliko zenyewe, kwa hivyo ukizikaza kupita kiasi utaharibu zaidi ya utakachotengeneza.

Lakini wewe unayejigamba, umejuaje kwamba una Dantu? Kipimo cha kawaida cha damu, kile cha A, B na O, hakiionyeshi. Na asilimia 74 si 100, tena ni kinga dhidi ya ugonjwa kuzidi, wala si ahadi kwamba hutaugua. Isitoshe, hata aliyezaliwa Kisumu, akikaa Nairobi miaka mingi bila kuambukizwa, kinga aliyojijengea utotoni hupungua. Huyo ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu hurudi nyumbani akijiona mwenyeji.

Basi lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa. Ukipata homa baada ya safari, pimwa siku hiyo hiyo, usinunue vidonge dukani kwa kubahatisha. Na daktari asipokuuliza ulikuwa wapi, mwambie mwenyewe.