Programu Nyepesi ya Kupigia Muziki: Tuichague kwa Kipimo cha Somo

Mwalimu anapochagua zana ya kufundishia hana budi kujiuliza maswali mawili. La kwanza: zana hii itamsaidia mwanafunzi kujifunza nini? La pili: je, zana hii itafanya kazi hapa nilipo, kwa hali tuliyo nayo? Walimu wengi wanaoanza kazi hulijibu la kwanza na kulisahau la pili. Katika makala hii nakusudia kuzungumzia jambo linaloonekana dogo, yaani uchaguzi wa programu ya kupigia muziki kwenye kompyuta ya shule. Vipindi vizuri huweza kuharibika kwa sababu mwalimu amelidharau.

Nilipata kukaa nyuma ya Darasa la Nne katika shule moja ya milimani, wilayani Mbinga, nikimwangalia mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Alikuwa ametayarisha somo la kusifiwa. Alitaka wanafunzi wasikilize wimbo wa mganda uliorekodiwa kwa simu, watambue mahali kiongozi anapoanzisha na mahali kundi linapoitikia, kisha watunge ubeti wao wenyewe. Alipoifungua faili, programu ilifunguka polepole, ikatafuta intaneti isiyokuwapo, ikaomba kusasishwa, na mwishowe ikaeleza kwamba haiitambui faili ya aina ile. Dakika 12 za kipindi cha dakika 40 zikawa zimepotea. Wanafunzi waliokuja na shauku wakaanza kuchezeana. Jioni mwanachuo yule aliniambia kuwa kompyuta ile ni mbovu. Sikukubaliana naye. Kompyuta ilikuwa kuukuu, lakini ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa katika uchaguzi wa programu.

Kufundisha kwa sauti si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, nao wakajifunza namna ya kujikinga na maradhi. Redio ilikuwa na sifa moja kubwa: ukizungusha kitufe, inasema. Lakini ilikuwa na upungufu pia. Kiongozi wa kikundi hakuweza kuisimamisha ili aulize swali, wala kuirudisha nyuma ili msikilizaji asikie tena neno lililompita. Kompyuta inatupa uwezo huo ambao redio haikuwa nao: kusimamisha, kurudia, na kupunguza mwendo. Kwa hiyo programu isiyomwezesha mwalimu kufanya mambo hayo kwa urahisi haimfai, hata kama ni nzuri machoni.

Kwa maoni yangu, uzito wa programu upimwe kwa mizani minne.

Mizani ya kwanza ni kompyuta yenyewe. Shule nyingi hupokea kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine, nyingine zikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 1 au 2 tu. Programu inayopamba kioo kwa picha na kuchunguza diski nzima kila inapofunguliwa huimaliza kumbukumbu hiyo kabla wimbo haujaanza. Kipimo changu ni chepesi: programu iwe tayari kabla mwalimu hajamaliza kuandika tarehe na somo ubaoni.

Mizani ya pili ni intaneti. Huduma za muziki wa mtandaoni zimekuwa nyingi. Spotify, kwa mfano, ilifunguliwa Tanzania mwaka 2021. Huduma hizo zina manufaa yake, lakini mwalimu aliyeko Ukata asilijenge somo juu ya mtandao unaoweza kupotea mvua inyeshapo, wala juu ya fedha za vifurushi zitokazo mfukoni mwake. Sauti ya somo iwe ndani ya kompyuta tangu jana yake.

Mizani ya tatu ni aina za faili. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Faili ya MP3 yenye ubora wa kawaida, yaani kilobiti 128 kwa sekunde, huchukua karibu megabaiti 1 kwa kila dakika, ilhali sauti isiyobanwa ya aina ya WAV huchukua kama megabaiti 10. Flashi ya gigabaiti 4 itabeba takriban saa 6 za WAV, lakini saa zipatazo 70 za MP3. Hata hivyo, nyimbo za wazee wetu hazitufikii katika MP3 pekee. Simu za zamani zilihifadhi sauti katika AMR, simu nyingine hutumia M4A, na ujumbe wa sauti wa WhatsApp huwa katika Opus. Programu ndogo isiyoweza kufungua faili hizo ni nyepesi kwa kompyuta, lakini kwa mwalimu ni mzigo.

Mizani ya nne ni mkono wa mwalimu. Je, anaweza kusimamisha na kuendeleza wimbo kwa kubonyeza kitufe kimoja, huku macho yake yakiwa kwa wanafunzi? Mwalimu anayekiinamia kioo amelipa darasa kisogo.

Tujifunze pia kwamba kilicho kipya si lazima kiwe bora. Programu iitwayo Winamp, iliyotolewa mwaka 1997, ilipendwa duniani kote kwa wepesi wake. Mwaka 2002 watengenezaji wake walitoa Winamp3, yenye mapambo mengi zaidi lakini nzito na ya polepole. Watumiaji wengi waliikataa wakarudia toleo la pili, hata ikalazimu litengenezwe toleo jingine mwaka uliofuata. Mkulima wa Kimatengo analielewa jambo hili bila kuambiwa. Ngoro zake, mashimo yale yanayozuia maji na udongo katika miteremko mikali, huchimbwa kwa jembe la mkono. Trekta ni chombo chenye nguvu, lakini kule mlimani halina kazi.

Basi tuchague nini? Kwa shule nyingi napendekeza VLC. Mradi wake ulianzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha Ufaransa mwaka 1996, na tangu mwaka 2001 umekuwa chini ya leseni huria, maana yake mwalimu anaruhusiwa kuinakili na kumpa mwenzake bila kuvunja sheria. Si ndogo kuliko zote, lakini hufungua aina zote za faili nilizozitaja, haihitaji intaneti ili kupiga wimbo, na toleo lake la 3.0 hufanya kazi hata katika Windows XP. Zaidi ya hayo, hupunguza mwendo wa wimbo bila kuifanya sauti iwe nzito, na huweza kurudia kipande kimoja kati ya alama mbili azipendazo mwalimu. Wimbo wa mganda, ngoma ya kandokando ya Ziwa Nyasa iliyoiga gwaride la askari wa zamani za ukoloni, una mapigo ya haraka. Mtoto akiyasikia polepole mara 3 atayashika.

Pale ambapo kompyuta ni dhaifu mno, foobar2000, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, ni nyepesi zaidi na sura yake haina mapambo. Kwa kompyuta inayotumia Linux, Audacious inafaa. Lakini mwalimu azijaribu kwanza kwa faili zilezile atakazozitumia darasani. Asipokee programu ya kuokota katika flashi ya mtu asiyemjua, kwa maana humo ndimo virusi hujificha.

Najua wapo watakaosema kwamba simu inatosha. Mahali pasipo na kompyuta, simu na itumike. VLC ipo pia kwa simu za Android. Lakini simu ya mwalimu huita katikati ya kipindi, na sauti yake haiwafikii watoto 60. Wengine watauliza: kwa nini tusikilize mashine, ilhali wazee wenye nyimbo wako jirani? Swali hili ni zito, na jibu langu ni kwamba mzee aitwe kwanza. Aje, aimbe, aulizwe maana ya maneno yake, na aombwe ruhusa kabla ya kurekodiwa. Kazi ya mashine ni kutuwezesha kurudia alichotufundisha baada ya yeye kurudi shambani kwake. Mashine isichukue nafasi yake.

Ndugu mwanachuo, unapojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, fanya mambo matatu. Siku moja kabla ya somo, fungua programu yako huku intaneti ikiwa imezimwa, usikilize kila faili tangu mwanzo hadi mwisho. Andika katika andalio la somo dakika na sekunde utakaposimamisha, pamoja na swali utakalouliza hapo. Kisha jifunze wimbo huo kwa kinywa chako mwenyewe. Umeme ukikatika, nao hukatika, utauanzisha wewe na darasa litaitikia. Hapo ndipo utakapojua kwamba ulikuwa umechagua zana ya kukusaidia kufundisha, wala hukuitegemea ifundishe badala yako.