Hizi "Up" na "Off" Zenu Zinatuumiza

Wenzangu wa grupu, pamoja na nyinyi wa mashirika ambao huwa mnasoma hapa kimyakimya bila hata kulaiki,

Leo siandiki juu ya ndoto wala juu ya mpira. Naandika juu ya vile vineno vya Kiingereza: up, off, out, in, back, forward. Mtasema huyu amekosa la kuandika. Ngojeni kwanza nieleze kilichotokea, halafu mtaniambia kama ni jambo dogo.

Kuna mama mmoja hapa kijijini kwetu, namwita mama mdogo kwa sababu alijuana na mama yangu tangu Uvira. Kiingereza hajui. Alikuwa na mahojiano ya faili lake tarehe 18, kitu alichokingoja zaidi ya miaka miwili. Siku moja ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Akaniletea mimi, kama wanavyoniletea wote, juu mimi ndiye kijana mwenye fulana ya kujitolea na cheti cha sekondari. Ujumbe ulisema: "Your interview has been brought forward by one week. Please turn up with all family members."

Nikasoma mara mbili. Brought ni kuleta, forward ni mbele. Kwa hiyo mahojiano yameletwa mbele kwa wiki moja. Na kwetu sisi, kikao kikisogezwa mbele maana yake kimeahirishwa, unarudi zako nyumbani. Nikapiga hesabu, 18 na 7 ni 25. Nikamwambia, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: "Mama mdogo, wameongeza wiki. Ni tarehe 25, nenda na watoto wote."

Tarehe 25 tukaenda, watu sita kwenye boda mbili, pesa ya kukopa. Pale dawatini akaambiwa mahojiano yake yalikuwa tarehe 11. Aliitwa, hakuonekana. Kwenye faili wakaandika "did not turn up". Faili limewekwa pembeni, aanze upya kungoja, ataitwa.

Hakunitukana. Aliniangalia tu akasema, "Mwanangu, si ulisoma?"

Kosa ni langu na sijifichi. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa na maneno moyoni, na leo nayatoa.

Kwa Kiingereza, kitu "brought forward" kimekuja karibu yako, kimewahishwa. Kitu "pushed back" kimecheleweshwa. Sisi ni kinyume kabisa: ukisogeza mbele umechelewesha, ukirudisha nyuma umewahisha. Hakuna aliyekosea hapo. Sisi tunaiona siku kama kitu kilicho njiani, ukikisukuma mbele kinaenda mbali na wewe. Wao wanaivuta kuja kwao. Kila lugha na mahali inaposimama. Shida inaanza pale mmoja anapoandika akiwa amesimama kwake, na mwingine analipa kwa sababu anasoma akiwa amesimama kwake.

Na mtu atakuja kusema: si mjifunze Kiingereza? Sawa. Basi niwakumbushe kitu. Mwaka jana afisa mmoja, mgeni, mtu mzuri tu, alisimama mbele ya vijana kama sitini akajitahidi kwa Kiswahili. Akasema: "Kesho asubuhi nitawapiga wote." Watu wakashtuka, halafu kicheko. Alitaka kusema nitawapigia, yaani simu. Alisahau irabu moja. Tulifanya nini? Tulicheka, tukampigia makofi kwa kujaribu, na kesho yake kila mtu akakaa na simu mkononi akingoja. Hakuna aliyefungua faili akaandika kwamba huyu ametutishia vipigo.

Yeye alikosea irabu moja tukamwelewa. Mimi nilikosea neno moja, mama wa watoto watano akarudishwa mwisho wa foleni. Hiyo ndiyo ugomvi wangu wote.

Sasa nije kwa hili linaloitwa Kiingereza rahisi. Nimehudhuria mafunzo mawili ya watu wa kujitolea, na mara zote tuliambiwa: msitumie maneno makubwa, andikeni kwa urahisi. Msiseme "reduce", semeni "cut down". Msiseme "tolerate", semeni "put up with". Msiseme "reject", semeni "turn down". Mimi nilikaa nikajiuliza, rahisi kwa nani? Shule nilianzia Kongo, kwa Kifaransa. "Reduce" nikiiona tu najua, ni réduire. "Tolerate" ni tolérer. "Reject" ni rejeter, "abandon" ni abandonner. Hayo yanayoitwa maneno makubwa ni jamaa zetu wa zamani, sisi wa Kongo na hata ndugu zetu wa Burundi. Lakini "put up with"? Weka, juu, na. Nimeweka nini juu na nani? Mtu anaweza kuitazama hiyo kuanzia asubuhi mpaka jioni asijue kwamba maana yake ni kuvumilia.

Na kuna sababu iko hivyo. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wa pale walisema Kifaransa. Maneno ya Kifaransa na Kilatini yakaingia kwa wingi kupitia mahakama, kanisa na ofisi. Wale watu wa shambani na jikoni wakabaki na vitenzi vyao vifupi: put, get, turn, give, take. Ndiyo maana mpaka leo Mwingereza anasikia "extinguish" kama neno la suti na "put out" kama neno la nyumbani. Kwake ni kweli. Hivi vya "put out" alivinyonya kwa mama yake. Sisi Kiingereza tumekipata darasani na ofisini, kwa hiyo cha ofisini ndicho tunachokijua, na cha jikoni kwao ndicho kinatushinda. Wala si siri mpya. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, aliandika kwenye utangulizi kwamba vitenzi hivi vya kuongezewa kineno ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko vyote. Ni zaidi ya miaka 250 imepita, na bado kuna mtu anatuandikia "call off" akidhani ameturahisishia.

Chukua hiyo turn peke yake. Turn up ni kufika, au kuongeza sauti ya redio. Turn down ni kukataa ombi lako, au kupunguza sauti. Turn in ni kwenda kulala, au kupeleka kazi kwa mwalimu. Turn off ni kuzima. Fomu ukiambiwa "fill in", jaza. Ukiambiwa "fill out", jaza vilevile. Ndani na nje, kitu kimoja! Na hii inaniogopesha zaidi: "the lights went off" ni taa zimezimika, lakini "the alarm went off" ni kengele ya hatari imeanza kulia. Nimeona karatasi ukutani imeandikwa kengele iki-"go off" watu watoke. Anayejua "off" ya taa tu atakaa ndani mpaka kengele inyamaze ndipo atoke. Mtu aliyebandika ile karatasi alifikiria hilo?

Lakini sikubaliani na wenzetu humu ndani wanaosema Kiingereza ni lugha ya wendawazimu, haina sheria, tuachane nayo. Hapana. Hayo ni maneno ya mtu aliyekata tamaa, tena anayesahau lugha yake mwenyewe. Sisi tuna vineno hivyo hivyo, ila tumevishona kwenye mkia wa kitenzi. Funga, fungua, fungia, fungana, fungisha. Mgeni asiyejua mkia anamfungia mtu badala ya kumfungulia, na hayo si makosa madogo! Tupa ni kutupa. Ukisema tupilia mbali, kitu hakirudi tena. Isha ni kuisha, lakini "aliishilia jela" ni karibu sana na "ended up" ya kwao. Hata hiyo mbali, ukisema potelea mbali, kuna umbali gani hapo? Ni kineno kimetoka kwenye kazi yake ya njia kikaingia kwenye kazi ya hasira. Na sijataja piga: piga simu, piga pasi, piga deki, piga kura, piga chenga. Hakuna anayepigwa.

Kwa hiyo tukivitazama vya kwao kwa macho hayo, vinaanza kutii kidogo. Up mara nyingi inafanya kazi ya kumaliza kabisa: eat up, use up, dry up, ni kula chote, kutumia chote, kukauka kabisa. Off inakata na kutenganisha: cut off, take off, hata call off, yaani kuikata shughuli isiwepo. Out inatoa kitu nje kikaonekana, kama find out, au inakiisha kama run out. Si kila mara, nakubali, kengele imeshakuonyesha. Ila ni bora kuliko ile orodha ya vitenzi mia tuliyopewa darasani tukariri kwa alfabeti bila sentensi hata moja. Niliikariri yote. Bring forward haikuwemo.

Na vijana wenzangu, nasi tupunguze hii tabia. Tunapenda kuonekana tunajua. Mzee akileta karatasi, hatuwezi kusema "hapa sina uhakika", tunaona aibu. Tunachekana kwa matamshi, tunachekana mtu akisema "discuss about", halafu karatasi inayobeba maisha ya mtu tunaisoma kwa kukisia. Mimi ningesema tu "sina uhakika", mama mdogo angempelekea mwingine, na tarehe 11 angekuwepo.

Nyinyi wa mashirika, siombi semina, na vitafunio vyenu bakini navyo. Naomba tarehe. Badala ya "brought forward by one week" andika: "New date: 11. Old date: 18." Hata asiyejua kusoma Kiingereza anajua kusoma 11. Na chini yake weka mstari mmoja wa Kiswahili. Uganda yenyewe ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwenye marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, kwa hiyo hatuombi upendeleo. Watafsiri mnao, tumejaa hapa, tena wengine wetu hamtulipi. Halafu kabla ya kuandika "did not turn up" kwenye faili la mtu, mpigieni simu mara moja tu mwulize kama alielewa ujumbe.

Siku hizi mtu akiniletea ujumbe wenye back au forward na hauna tarehe, sitafsiri. Napiga ile namba ya msaada, nasikiliza muziki wao mpaka salio linakaribia kuisha, nauliza: tarehe ngapi? Naandika kwa kalamu kwenye kiganja cha mwenyewe.

Mama mdogo bado hajaitwa. Jumatatu simu yake iliingia ujumbe mwingine: "We are looking into your case and will get back to you." Nikamwambia, wanachunguza, watakujibu. Nilikuwa na uhakika safari hii. Akasema asante mwanangu. Halafu nikamwona anavuka barabara na simu mkononi, anampelekea kijana mwingine asome pia.