Mlango usio na kishikio
Katika miaka ya 1950, karakana ya ndugu George na Sam Barris huko Lynwood, California, ilikuwa ikitoa magari aina ya Mercury yenye ubavu laini, vishikio vya milango vimeondolewa na matundu yake kuzibwa kwa bati. Urembo huo naupenda sana, ndiyo maana inaniuma kuona umeme wake ukifungwa kwa haraka. Kishikio kikiondoka, kazi yake hufanywa na solenoidi iliyofichwa ndani ya mlango: ukibonyeza rimoti, sumaku inavuta kebo, komeo linaachia, na kijiti chenye springi kinausukuma mlango kiasi cha kupenyeza vidole. Mvuto huo ni wa kitambo kidogo tu, lakini unakula umeme mwingi, kwa hiyo unataka rilei, waya mnene, na fyuzi iliyo karibu na betri. Waya unapopita penye bawaba uvishwe mpira, la sivyo bati litauchuna. Hayo fundi mzuri anayajua. Kinachosahaulika ni siku betri itakapokufa, gari limefungwa na boneti inafunguliwa kutokea ndani. Pitisha kebo ya mkono kutoka kwenye komeo hadi mahali pa siri chini ya gari, na vishikio vya ndani viache kama vilivyotoka kiwandani, maana ajali ikitokea, aliyemo ndani hana muda wa kutafuta kitufe. Fundi anayekataa kukuwekea kebo hiyo, usimwachie gari lako.