Mwiba wa Ngamia Pasipo Ngamia

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya Darasa la Sita, nikimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha juu ya Kalahari. Aliandika ubaoni "mwiba wa ngamia", jina la mgunga mkubwa wa huko, kama alivyolitafsiri kutoka kitabu cha Kiingereza. Mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, ngamia wa Kalahari hula miiba hiyo?" Mwalimu akajibu ndiyo, akaendelea na somo. Nami nilinyamaza, kwani sikuwa na jibu bora.

Ngamia si mnyama wa asili wa Kalahari. Jina la mti huo, kameeldoorn, ni la Kiholanzi, lugha iliyofika Rasi ya Tumaini Jema pamoja na walowezi mwaka 1652. Doorn ni mwiba. Kameel ni ngamia; lakini Waholanzi wa zamani walimwita twiga kameelpaard, na huko kusini jina hilo likafupishwa kuwa kameel. Basi ni mwiba wa twiga, ambaye kweli hula majani yake. Waingereza walitafsiri neno bila kuutazama mti, wakatuletea ngamia.

Kameelpaard nalo lina kisa chake. Wayunani wa kale walimwita twiga kamelopardalis, yaani ngamia-chui, kwa umbo lake na madoa yake. Waholanzi wakasikia katika sehemu ya pili neno lao paard, farasi. Tusiwacheke. Sisi tulipokea kitab kutoka Kiarabu, tukaisikia ki- kama kiambishi chetu, tukasema vitabu, wala hakuna aliyedhurika.

Wako wakufunzi wenzangu wasemao kwamba asili ya maneno ni anasa katika shule ya msingi. Sikubaliani nao. Mtoto yule alilipima neno kwa kitu chenyewe, jambo ambalo kitabu hakikulifanya, na jibu letu likamfundisha kwamba kupima hakuna faida. Neno geni likitokea, waache wanafunzi wakisie maana yake, kisha waulize ni jambo gani lingeonyesha kwamba wamekosea. Jibu lisipopatikana, mwalimu aseme wazi: "Sijui, tutatafuta." Hakuna andalio la somo linaloharibika kwa maneno hayo.

Nilipolipata jibu, mazoezi yalikuwa yamekwisha. Nimemwandikia barua mwalimu wa darasa lile, nikimwomba amweleze mtoto aliyeuliza.