Vitabu vya Imani na Utamaduni: Tuvijadili kwa Lugha Gani?

Uhusiano wa imani ya Kikristo na utamaduni wa Mwafrika ni suala lililoandikiwa vitabu vingi, na baadhi ya vilivyo bora vimetoka kwa waandishi wa Afrika Mashariki. John Mbiti alichapisha African Religions and Philosophy mwaka 1969. Jesse Mugambi alifuata na From Liberation to Reconstruction mwaka 1995, naye Laurenti Magesa wa Tanzania akatoa African Religion mwaka 1997. Vitabu hivi viliandikwa kwa Kiingereza, na hilo si kosa. Mwandishi ana haki ya kuchagua lugha yake. Kasoro ni kwamba mjadala wake nao umebaki katika Kiingereza, ndani ya seminari na idara za dini, ilhali waumini wanaozungumziwa humo husali, huhubiriwa na hubishana kwa Kiswahili. Maoni yangu ni kwamba vitabu hivi havina budi kujadiliwa kwa Kiswahili, na kwamba sisi tunaosoma lugha hii tuna wajibu maalumu katika kazi hiyo.

Tuanze na Mbiti. Katika kitabu chake alidai kwamba fikra ya jadi ya Mwafrika kuhusu wakati ina pande mbili tu: yaliyopo na yaliyopita. Mustakabali wa mbali, alisema, haumo. Ili kuzitaja pande hizo alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya istilahi za kitaaluma, ingawa ushahidi wake wa kisarufi aliutoa katika Kikamba na Kigikuyu. Dai hili limepingwa na wengi, akiwemo mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, aliyelipima kwa ushahidi wa Kiakan mwaka 1987. Je, ni nani amelipima kwa lugha iliyotoa istilahi zenyewe? Mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba baada ya kesho kuna kesho kutwa, kisha mtondo, kisha mtondogoo. Anajua kwamba kiambishi -ta- cha wakati ujao kinahusishwa na kitenzi taka, na kwamba wahenga walionena akiba haiozi hawakuwa wakiifikiria jana. Anajua pia kwamba neno zamani lina asili ya Kiarabu. Huenda hoja ya Mbiti ikasimama au ikaanguka. Muhimu ni kwamba sisi tuna zana za kuipima, na tumeziacha kabatini.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na hapa Kwale ni mfano ulio wazi. Karibu na fuo za Diani kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo. Huo, pamoja na Kaya Mtswakara ya Waduruma na kaya nyingine za Wamijikenda, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Wadigo walio wengi ni Waislamu. Waduruma wamo Wakristo, Waislamu na wafuasi wa dini ya jadi. Nayo miji ya Diani na Ukunda ina makanisa mengi ya watu waliotoka bara kwa ajili ya kazi. Muumini wa huko akiulizwa kuhusu kaya, jibu ambalo aghalabu hutolewa mimbarini ni neno moja: ushirikina.

Neno hili linastahili kutazamwa kwa makini. Asili yake ni shirk, dhana ya Kiislamu ya kumshirikisha Mungu na kisichokuwa Mungu. Mhubiri wa Kikristo anayelikemea jambo kwa neno hilo ameazima hukumu ya jirani yake Mwislamu, pengine bila kujua. Isitoshe, mzizi uo huo ndio uliotupa shiriki na ushirika, na kwa hiyo Ushirika Mtakatifu unaoadhimishwa katika kanisa lilelile. Magesa alitumia kitabu kizima kueleza kwamba katika dini ya jadi maadili yote hulenga kuulinda na kuukuza uhai wa jamii, waliokufa wakiwamo. Msomaji wa Kiingereza atauliza kama maelezo hayo yanapatana na Ukristo. Msomaji wa Kiswahili ataulizwa swali gumu zaidi: ushirika huishia wapi, na ushirikina huanzia wapi? Swali hilo haliwezi hata kuulizwa vivyo hivyo katika Kiingereza.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya maneno matupu. Katika Pwani yetu, hasa Kilifi na pia Kwale, wazee wameshambuliwa na hata kuuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Chidigo hutenga uganga na utsai: la kwanza ni kutibu, la pili ni kudhuru. Mbiti naye alilalamika kwamba waandishi wa kigeni waliwachanganya waganga na wachawi. Lakini mahubiri mengi hutia mganga, mchawi na mzee wa kaya katika kapu moja. Sisemi kwamba mahubiri ndiyo yanayoua. Tamaa ya ardhi na ugomvi wa kifamilia vina sehemu kubwa. Nasema kwamba panapokosekana tofauti katika maneno, mwenye nia mbaya hupata pa kujifichia.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kazi ya wanatheolojia. Ni kweli kwamba mafundisho ya imani ni yao. Maana za maneno, hata hivyo, ni taaluma yetu. Wengine watasema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kutosha. Imani, dhambi, toba, malaika, nabii, injili na hata msalaba ni maneno tuliyoyapata kupitia Kiarabu, na Wakristo wameyatumia vizazi kwa vizazi bila kuona haya. Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka 1844, msaidizi wake alikuwa kadhi wa Mombasa. Lugha iliyojengwa kwa ujirani wa namna hiyo haiwezi kushindwa na vitabu vya akina Mugambi. Kwa upande wa Chidigo, kamusi ya Mgombato iliyotoka mwaka 2004 inafafanua maneno ya Chidigo kwa Kiingereza na Kiswahili, basi hata daraja la kuvukia limekwisha kujengwa.

Mfano wa kufuata upo. Musimbi Kanyoro, mwanaisimu aliyewahi kufanya kazi ya tafsiri ya Biblia, katika kitabu chake cha mwaka 2002 alieleza jinsi alivyosoma kitabu cha Ruthu pamoja na akina mama wa kijijini kwao, wakabishana juu ya ndoa, ujane na ukwe kwa jinsi wanavyoviishi. Hakuwapelekea majibu.

Napendekeza basi kwamba chama chetu kiteue kitabu kimoja kila muhula, kiandae muhtasari wake kwa Kiswahili sanifu, kisha kiandae mjadala wa wazi. Wanachama wanaotoka Kwale wauendeleze mjadala huo likizoni, Msambweni au Kinango, wakiwaalika mchungaji, imamu na mzee wa kaya, na warudi na orodha ya maneno yaliyozua ubishi. Maneno hayo yachapishwe katika jarida hili pamoja na fasili zake. Gharama yake ni ndogo: nakala chache za vitabu na nauli ya matatu. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini anayesomea maana akanyamaza hana udhuru.