Upanga Butu Usinolewe Nyumbani

Mtoto akililia wembe, mpe, walisema wahenga. Nasi twasema kwamba methali hiyo, ijapokuwa na hekima yake nyumbani, haifai kambini. Askari anayelilia makali, akiyapata, hakatwi peke yake. Huweza kukatwa na mwenziwe aliye ubavuni mwake katika safu.

Tunazungumzia upanga wa gwaride na ule wa mazoezi. Panga hizi zimetengenezwa butu kwa makusudi. Hata hivyo, wako vijana waonao haya kubeba upanga usiokata hata mgomba. Jioni huketi uani na tupa, au huupeleka kwa fundi mwenye jiwe la kuzunguka, wakidhani kwamba wanaupa upanga heshima yake. La hasha! Wanauvunjia.

Kila askari aliyefundishwa upanga anajua kwamba, wakati wa kuurudisha alani, vidole vya mkono wa kushoto ndivyo vishikavyo mdomo wa ala na kuiongoza ncha. Tulipokuwa chuoni, kadeti mwenzetu aliunoa upanga wake kwa siri. Siku ya mazoezi ukampasua kati ya kidole gumba na cha shahada. Sisi tulipopokea vyeo, yeye alikuwa na bendeji miongoni mwa watazamaji.

Tena kuna habari ya chuma chenyewe. Ugumu wa upanga hutokana na moto uliopimwa na mhunzi. Jiwe la mashine huupasha ukingo mwembamba joto kali. Mara ionekanapo rangi ya samawati, joto limefika karibu nyuzi 300, na chuma pale huenda kimekwisha kulegea. Tupa nayo, ikitumiwa ovyo, huacha mikwaruzo ya kukingama, na ufa hupenda kuanzia penye mkwaruzo.

Tusidhani kwamba ufa ni jambo dogo. Mwaka 1982, mjini Roma, Vladimir Smirnov wa Umoja wa Kisovieti, bingwa wa Olimpiki wa mchezo wa vitara, alichomwa na kitara cha mshindani wake kilichovunjika na kupenya barakoa yake. Alifariki siku chache baadaye. Kitara kile hakikuwa na makali, wala hakikunolewa na mtu, kilivunjika tu. Je, itakuwaje kwa chuma kilichojeruhiwa kwa tupa uani?

Huenda mtu akauliza: kwani panga hazikunolewa kamwe? Zilinolewa. Vita vilipozuka mwaka 1914, panga za maofisa wa Uingereza zilitiwa makali. Lakini zilinolewa kwa amri, na mafundi wa silaha. Makali ni uamuzi wa jeshi, si wa mtu binafsi.

Kazi ya nyumbani ni moja tu. Upanga wa mazoezi ukigongana na mwingine, huota vijimeno vya chuma vikwaruzavyo mikono. Hivyo viondolewe kwa tupa laini, kwa mkono, kufuata urefu wa ukingo, kisha msasa na mafuta kidogo, ukingo ubaki mnene na wa mviringo. Ukionekana ufa, upanga upelekwe kwa fundi wa silaha siku hiyo hiyo.

Ndugu askari na polisi, heshima ya upanga imo katika mkono unaoutii. Tupa na ibaki kwenye majembe.